Fátima, jina lililopitia kijijini

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mombasa mbele ya wapenzi wa lugha na historia. Nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka mdomoni.)

Wazee wetu, kina mama na kina baba, walimu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma: assalaam alaikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie majina ya wanawake wa Kireno. Ningeweza kumchukua Inês, au Leonor, au Beatriz, na kila mmoja ana wafalme wake na vilio vyake. Nimemchagua Fátima kwa sababu ndilo jina ambalo nikilitaja hapa kila mtu anaona analijua tangu utotoni. Humu ukumbini tu, nikiita Fatuma, wataitika wangapi? Fatma je? Mwanafatuma? Naam, nimeiona mikono. Na ukimwambia mtu wa hapa kwamba Ureno, nchi ya Wakatoliki, imejaa kina mama waitwao Fátima, atakujibu hapo hapo: hayo ni mabaki ya Waarabu, si walitawala kule mamia ya miaka?

Jibu hilo si la uongo, ila limeruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo iliyonileta jioni hii. Bibi wa Kireno anayeitwa Maria de Fátima hakupewa jina la binti wa Mtume. Amepewa jina la kijiji. Kijiji ndicho kilicholipata jina hilo zama za Waislamu, kikakaa nalo karne nyingi likiwa jina la mahali tu, la parokia ya wachungaji wa kondoo, mpaka mwaka 1917 ndipo likatoka kijijini na kurudi kwa wanawake.

Asili yake haina ubishi. Ni Kiarabu, kutoka kitenzi chenye maana ya kumwachisha mtoto ziwa. Fatima ni mwenye kuachisha ziwa, na wapo wanaolifasiri kuwa ni yule aliyetengwa na jambo baya. Jina halikupata heshima yake kutokana na maana ya kamusi, lilipata kwa aliyelibeba: Fatima binti Muhammad, mke wa Ali, mama wa Hasan na Husein, aliyefariki mwaka ule ule aliofariki baba yake, 632. Tangu hapo popote Uislamu ulipofika, jina lilifika nalo. Huko Afrika Magharibi likawa Fatumata na Fatu, Uturuki likawa Fatma, kwetu likawa Fatuma.

Nifungue mabano kidogo kwa walimu wa Kiswahili. Waarabu huikaza silabi ya kwanza: FA-tima. Wareno pia, FA-tima, na ndiyo sababu huandika ile alama juu ya a ya kwanza. Bila alama hiyo kanuni za lugha yao zingeusukuma mkazo kwenye silabi ya pili. Sisi tuliolipokea moja kwa moja kutoka kwa Waarabu, tena kwa dini, ndio tuliolibadilisha: fa-TU-ma, mkazo umekwenda pale Kiswahili kinapoupeleka siku zote. Mreno wa leo na Mwarabu wa leo wanalitamka kwa kukaribiana kuliko sisi na Mwarabu. Nafunga mabano.

Sasa Ureno. Majeshi ya Waarabu na Waberiberi yalivuka bahari kuingia rasi ya Iberia mwaka 711. Lisbon ilibaki mikononi mwa Waislamu mpaka 1147, na Faro, kule kusini, mpaka 1249. Hiyo ni zaidi ya miaka mia tano kwa upande wa kusini, na ardhi haikusahau. Jimbo la Algarve ni al-Gharb, upande wa magharibi. Kiarabu kimo pia katika mtaa wa Alfama mjini Lisbon, katika Alcântara na daraja lake, na hata katika neno oxalá, ambalo Mkatoliki mcha Mungu hulitumia akitaraji jambo jema bila kuwaza kwamba ndani yake analitaja jina la Allah. Kwa hiyo kijiji kuitwa Fátima katika vilima vya chokaa vya Serra de Aire, yapata kilomita 120 kaskazini mwa Lisbon, si ajabu.

Wenyeji wa huko wana kisa chao, na ni kitamu. Wanasema mwaka 1158, siku ya Mtakatifu Yohane, mpiganaji mmoja, Gonçalo Hermigues, ambaye lakabu yake ilikuwa Mmeza-Wamori, yaani mmeza Waislamu, aliwavamia Waislamu waliokuwa wametoka Alcácer do Sal kusherehekea. Miongoni mwa mateka alikuwemo binti wa ukoo mkubwa, Fátima. Gonçalo akamwomba mfalme Afonso Henriques amruhusu kumwoa. Binti akabatizwa, akaitwa Oureana, na mfalme akawapa mji uliokuja kuitwa Ourém kwa jina lake jipya. Hakuishi sana. Alipofariki, mumewe alikwenda kuwa mtawa katika abasia ya Alcobaça, na baadaye mwili wa mkewe ukahamishiwa kwenye nyumba ndogo ya watawa vilimani, mahali pakaitwa Fátima.

Tazameni kisa kilivyosukwa kwa hesabu: majina mawili ya mwanamke mmoja, la kuzaliwa na la ubatizo, yamegawiwa miji miwili jirani. Mimi hapo nasita. Kisa kinachoeleza kila kitu vizuri namna hii mara nyingi kimetungwa baada ya mambo, na hiki kina harufu ya kalamu ya mtawa. Kilicho katika hati ni kikavu zaidi: Ourém ilipewa hati ya mji mwaka 1180 na binti mfalme Teresa, na Fátima ikawa parokia inayojitegemea mwaka 1568. Kwamba kuna mwanamke au ukoo wa Kiislamu nyuma ya jina la mahali, hilo nalikubali. Kwamba alikuwa binti wa mkubwa, mzuri wa sura, aliyeteka moyo wa aliyemteka, hayo nawaachia wanaouza vitabu vya watalii.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo watu wa Mombasa hasa wanapaswa kulishika. Waislamu waliendelea kuishi Ureno baada ya kushindwa, katika mitaa yao, na bila shaka wakiwa na kina Fátima wao. Desemba 1496 mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri: Wayahudi na Waislamu wabatizwe au waondoke. Tangu hapo hakuna njia ya jina hilo kurithiwa waziwazi kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Likakatika kama jina la mtu. Na mfalme huyo huyo Manuel, Julai 1497, hata mwaka haujatimia, ndiye aliyemtuma Vasco da Gama baharini. Aprili 1498 merikebu zake zilitia nanga hapa. Amewafukuza kina Fátima nyumbani kwake, watu wake wakazunguka Afrika nzima, wakakuta pwani nzima ya kina Fatuma.

Tena mmoja wao baadaye aliwafaa sana. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilikuwa na malkia, Mwana Mkuu Fatuma, naye alisimama upande wa Wareno. Waomani walipoizingira Ngome hii yetu ya Yesu tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, malkia Fatuma ndiye aliyewapelekea chakula Wareno waliokuwa ndani. Ngome ilipoanguka alilipia urafiki huo: Waomani walimchukua mpaka Muscat, akakaa huko kama miaka kumi kabla ya kurudishwa Unguja. Wapo wenye maneno makali juu yake. Mimi namwonea huruma kidogo. Mtawala wa kisiwa kidogo kati ya wakubwa wawili hana nafasi ya kuchagua rafiki anayempendeza.

Turudi kule vilimani. Mwaka 1917 Ureno ilikuwa jamhuri changa, ya mwaka 1910, iliyokuwa imegombana na Kanisa na kutangaza mwaka 1911 kwamba dini na serikali zimetengana. Vijana wake walikuwa wanakufa katika mahandaki ya Ulaya, na wengine huku kwetu, Ruvuma, wakipigana na Wajerumani. Katika hali hiyo, tarehe 13 Mei, watoto watatu wa kitongoji cha Aljustrel, parokia ya Fátima, walirudi malishoni wakisema wamemwona Bibi anayeng'aa juu ya mti mdogo. Lúcia dos Santos alikuwa na miaka 10, binamu yake Jacinta Marto 7, na Francisco, kaka yake Jacinta, alikuwa hajafikisha 9. Walisema Bibi amewaambia warudi kila tarehe 13 mpaka Oktoba. Agosti hawakwenda, maana mkuu wa serikali wa Ourém aliwashika akawahoji. Tarehe 13 Oktoba umati mkubwa ulikuwa umesimama kwenye matope na mvua, makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao wakasema jua lilicheza angani. Gazeti la O Século la Lisbon, ambalo halikuwa rafiki wa mapadri, lilimtuma mwandishi, naye akaandika aliyoyaona.

Sikuja hapa kuhukumu kama jua lilicheza. Nimekuja na jina, na kuhusu jina kuna mambo mawili watu huyapita.

La kwanza: kwa maneno ya Lúcia mwenyewe, Bibi huyo hakujiita wa Fátima. Alisema yeye ni Bibi wa Rozari. Jina rasmi mpaka leo ni Nossa Senhora do Rosário de Fátima. La pili: malisho yale hasa yaliitwa Cova da Iria, yaani bonde la Iria, na Iria ni jina la kike la Kireno lenye umri mkubwa, ni Irene wa Wagiriki, amani. Ndilo lililo ndani ya jina la mji wa Santarém, Sancta Irene. Kwa haki ya mahali, basi, Ureno ingepaswa kujaa kina Maria da Iria. Lakini watu walipouliza "ni wapi?", jibu lililowafaa lilikuwa la parokia, Fátima, na mdomo wa watu ndio uliobatiza. Mimi nadhani sauti nayo ilisaidia. Silabi tatu, mkazo mbele, haligongani na jina lingine lolote katika kalenda ya watakatifu. Nani angelisahau?

Kanisa dogo lilijengwa pale 1919. Machi 1922 lilipigwa baruti na wasiolipenda, likajengwa upya. Askofu wa Leiria alikubali ibada hiyo rasmi tarehe 13 Oktoba 1930. Na hapa sasa ndipo wazazi wa Kireno walipoanza kwa wingi kwenda kwa msajili na jina Maria de Fátima.

Nisimame kidogo kwenye hiyo "de", kwani ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Wareno wana desturi ya kumpa binti jina la Bikira Maria pamoja na cheo chake au mahali pake. Maria da Conceição, wa kutungwa mimba bila doa. Maria do Céu, wa mbinguni. Maria das Dores, wa maumivu. Msimcheke huyo wa mwisho, sisi tunao kina Tabu, Shida na Mashaka, na wanalea watoto vizuri tu. Wengine huchukua mahali: Maria de Lurdes ametoka kwenye mji wa Lourdes, Ufaransa, ulioanza kuhijiwa baada ya 1858. Maria de Fátima amefuata njia hiyo hiyo. Ni Maria wa Fátima, kama mtu anavyosema Sheikh fulani wa Lamu. Ingekuwa jina limeshuka kwa damu kutoka kwa Waislamu wa Andalusi, yaani Iberia ya zama zao, "de" ingetafuta nini hapo katikati?

Sheria nayo inalibana. Msajili wa Ureno humruhusu mtoto majina mawili tu ya kupewa, na manne ya ukoo. Mama akimwita bintiye Maria de Fátima amekwisha tumia yote mawili, hana nafasi ya kumwongezea la bibi yake. Kwenye karatasi huandikwa M.ª de Fátima, ile Maria imekunjwa kuwa herufi moja na alama, kwa sababu wapo wengi mno. Nyumbani ni Fátima mtupu, akiwa mdogo Fatinha. Wabrazili wamekwenda mbali zaidi. Mwimbaji wao mashuhuri, Fafá de Belém, kwenye cheti ni Maria de Fátima.

Kama mngependa kuona jina linavyoishi, nendeni kule Fátima tarehe 12 Mei jioni. Njia ya marumaru inashuka uwanjani kuelekea kanisa dogo, na watu wanaipita kwa magoti, wengine wamejifunga vitambaa vinene, wengine hawana kitu, mwingine kambeba mtoto mgongoni. Pembeni kuna moto wa wazi ambamo hutupwa mishumaa, pamoja na viungo vya mwili vilivyofinyangwa kwa nta: mguu kwa aliyeombewa mguu, kichwa, titi, hata mtoto mchanga mzima. Nta inayeyuka na kutiririka, moshi wake unauma macho. Usiku ni maandamano ya mishumaa, na kesho yake, sanamu ya Bibi inaporudishwa mahali pake, uwanja mzima unapeperusha vitambaa vyeupe. Wao huviita lenços. Ndizo leso zetu, tumezipata kwao.

Ile sanamu ina taji ambalo, kwangu, linasimulia habari za kina mama wa Ureno kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1942 wanawake walivua herini, pete na mikufu wakavitoa, shukrani kwa kuwa nchi yao haikuingia katika Vita vya Pili. Zikayeyushwa likatoka taji la dhahabu la kilo 1.2, lenye lulu 313 na vito 2,679, likavishwa mwaka 1946. Ndani yake leo kuna risasi. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi pale Roma. Aliitazama tarehe, akasema Bibi wa Fátima ndiye aliyemwokoa, akaenda kushukuru mwaka mmoja baadaye, na risasi mojawapo ikapachikwa katika taji hilo.

Na watoto je? Francisco alifariki 1919 na Jacinta 1920, wote baada ya ile homa kubwa ya mafua. Lúcia akawa mtawa, akaishi mpaka Februari 2005. Wale wadogo wawili walitangazwa watakatifu tarehe 13 Mei 2017. Huenda baadhi ya kina Jacinta mnaokutana nao Nairobi na Machakos wana jina la yule msichana wa miaka saba, ingawa nikiwauliza huniambia walipewa la shangazi.

Kina Fátima wengi wa Kireno leo ni watu wazima, mama na bibi. Wazazi vijana wa huko siku hizi wanapenda Leonor, Matilde, Alice, na Maria mtupu bila mkia. Fátima limekuwa jina la mwalimu wenu wa zamani, la karani wa posta aliyestaafu. Lakini halijafa, na sababu yake inatugusa. Baada ya koloni kupata uhuru miaka ya 1970, Waislamu wengi walihamia Lisbon kutoka Msumbiji, na wengine kutoka Guinea-Bissau. Wakaja na kina Fátima na kina Fatumata wao, ambao jina lao halikupitia kijiji chochote. Limetoka Madina likafika Kisiwa cha Msumbiji, Angoche na Cabo Delgado, kule wanakosema Kimwani, ndugu wa lugha yetu. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa 1985. Katika mji mmoja sasa, pengine katika ngazi za jengo moja, wako kina Fátima wa njia zote mbili.

Mtu ataniuliza nitawatofautishaje. Kwenye karatasi tazama kama kuna Maria mbele. Si kipimo kamili. Msumbiji nimeona Waislamu walioandikishwa na makarani wa Kireno kwa namna ya Kireno, na wapo Wakatoliki waitwao Fátima bila Maria. Afadhali umwulize mwenyewe.

Kuna mmoja wa wazee hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: je, si kufuru kumchanganya Bi Fatima na Bi Maryamu katika jina moja? Mzee wangu, Wareno hawakukusudia kuchanganya, kijiji ndicho kilichowachanganyia. Na lipo jina ambalo Waislamu wenyewe wamewapa mabibi hao wote wawili kwa heshima, al-Batul, mwanamke aliyejitenga kwa ajili ya Mungu. Vitabu vinamwita hivyo Maryamu, vinamwita hivyo Fatima. Kwetu ni Batuli, na namwona mmoja pale dirishani anacheka.

Nimemaliza yangu. Mwenye swali asogee kwenye kipaza sauti, na wanaojua Kimwani naomba waanze, kwa sababu nina swali langu kwao.